Miwani yenye kupima usingizi isiwe fimbo

Ndugu wafanyakazi wa mgodi, na ninyi wa nyumbani wenye kuwangojea: dereva wa kamiyo kubwa anaijua saa tisa ya usiku. Mikono iko ku usukani, macho iko wazi, lakini akili imelala. Dakika moja ya vile inatosha kuleta kilio.

Juu ya hiyo, kuna miwani zenye kupima macho. Ile ya Optalert, ya Australia, iko na mwanga usioonekana wenye kupiga ku kope. Inapima namna kope zinafunga na kufunguka, halafu inatoa namba ya usingizi. Watafiti wa ICFO, karibu na Barcelona ku Hispania, walionyesha jambo jipya: kipimo chembamba cha grafini, chenye mtu anaona kupitia ndani yake kama kioo. Maana yake, kesho kipimo kinaweza kukaa mbele ya jicho lako na usikione.

Hapa Kasongo na Kabambare hatujaziona. Lakini tangu mgodi wa Namoya ufunguliwe, tunajua kamiyo mpya inakuja na mashine mpya ndani yake. Afadhali tuongee mapema.

Hatukatai miwani. Kitu chenye kumuamsha mtu mbele ya kuanguka ku shimo, karibu! Tunakataa igeuke fimbo. Namba inasema ulisinzia; haisemi juu ya nini. Haijui kama ni usiku wa tano mfululizo, ama mtoto alilala na malaria. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 9 kwa siku, na 45 kwa juma. Namba ikipanda kwa ekipe nzima, mgonjwa si dereva. Mgonjwa ni ratiba.

Patro atasema: usingizi wa mmoja unaua wengine. Ni kweli. Njo maana namba ikionya, dereva asimame, apumzike, na mshahara usiguswe. Akijua watamkata, atatafuta namna ya kuidanganya ile miwani, na hatari itabaki pale pale.

Tena jicho linasema mengi kupita usingizi: unaangalia wapi, umechoka namna gani, pengine hata ugonjwa. Wengine wanatuuliza: «Batatuchunga mpaka mu macho?» Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu. Basi tuitumie.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, yaandikwe mbele miwani ya kwanza haijavaliwa. Moja: delege wa sendika waone namba za ekipe zote, si patro peke yake. Mbili: mtu asifukuzwe juu ya namba. Tatu: namba zikionyesha uchovu, saa za kazi zibadilike.

Na tusiwasahau wenzetu wasio na kontra. Mama mwenye kutwanga mawe ya dhahabu, kipande kinaruka mpaka ku jicho, na hana hata miwani ya plastiki ya kumkinga. Mwenye kuwa na feza ya kupima jicho la mfanyakazi, aanze na kulilinda.