Hewa Kugeuzwa Metali, na Madaftari Yetu ya Maabara

Sisi wa Bagamoyo ya Tukuyu (si ile ya pwani, ambayo wageni hutuulizia kila mara) hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari za hewa kugeuzwa hali. Huko Kyejo, katika wilaya hii hii ya Rungwe, hewa ya ukaa hutoka ardhini. Hukusanywa, hushindiliwa mpaka ikawa kimiminiko, nayo ndiyo itiayo povu katika soda. Penye joto la nyuzi 20, mgandamizo wa kadiri ya mara 57 ya ule wa hewa tuivutayo watosha.

Haidrojeni ni kaidi zaidi. Mwaka 1935 wataalamu Wigner na Huntington walisema kwamba ikishindiliwa mara 250,000 itakuwa metali, ipitishe umeme kama shaba ipitishavyo. Kadirio lao lilikuwa dogo mno. Mwaka 2017 Silvera na Dias, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walitangaza kuwa wameipata kwa mgandamizo wa karibu mara milioni 5, baina ya ncha mbili za almasi nyembamba kuliko unywele. Waliona kitu king'aacho.

Wenzao hawakupiga makofi. Waliuliza: mbona mmefanya mara moja tu? Je, king'aacho si ule utando mliopaka juu ya almasi? Kabla hayajajibiwa yote, almasi ilivunjika na kile kipande kikapotea. Mwaka 2020 Wafaransa Loubeyre, Occelli na Dumas walichapisha vipimo vingine, vya zaidi ya mara milioni 4, na mjadala haukuishia hapo.

Wako wasemao kwamba maswali hayo yalikuwa wivu. Mimi nasema yalikuwa ndiyo sayansi yenyewe, nasi shuleni twaikosa. Twajua jibu la kitabu kabla ya kugusa chombo, kisha twapika namba zifanane nalo. Na mwenye namba tofauti hupata alama chache. Naomba walimu wetu wampe alama mwanafunzi aandikaye alichokiona, akaeleza na shaka zake.

Zamani nilipokuwa mwanafunzi, nilipima mvuto wa dunia kwa jiwe lililoning'inizwa kwa uzi. Nilipata 8.7. Nikaandika 9.8, nikapewa alama zote. Mpaka leo sijui kosa lilikuwa katika uzi, saa, au mkono wangu.