Punda Aliyenyamaza Hangojewi Hadi Kesho

Mama aliyehudhuria kliniki ya watoto Mlandizi au Maneromango hahitaji kukumbushwa dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, hangojewi hadi kesho. Somo hilo limerudiwa kwa miaka mingi na limeokoa watoto wengi. Punda anayeleta nyumbani maji ya kunywa ya mtoto huyo hana orodha kama hiyo. Akiugua, husemwa kuwa amechoka, huachwa chini ya mwembe apumzike, na kukicha hukutwa amekufa.

Punda wa Kibaha na Kisarawe si wengi kama wale wa Dodoma au Arusha. Pwani ilikuwa nchi ya mbung'o, na nagana iliua farasi na punda kiasi kwamba misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilitegemea mabega ya wapagazi. Hata leo farasi ni mnyama wa kutazamwa tu katika mkoa huu. Punda wapo, hasa kwa wafugaji waliohamia bonde la Ruvu na vijiji vya ndani vya Kisarawe, nao hubeba madumu ya maji, magunia ya mahindi na, njia inapokuwa mbaya, hata mgonjwa. Uchache wao ndio unaowaponza. Afisa mifugo wa kata amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Jirani naye hajawahi kumiliki punda. Mwenye punda hubaki hana wa kumuuliza, na si ajabu akaishia kwa mganga wa zahanati, kwa kuwa huyo ndiye mtaalamu aliye karibu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo si kazi ya zahanati, na kwa upande mmoja wana haki. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka tiba ya wanyama mikononi mwa waliosajiliwa kwa kazi hiyo, na mtumishi wa afya asithubutu kumdunga punda sindano. Lakini kutibu ni jambo moja, na kutambua kwamba mgonjwa huyu ni wa leo ni jambo jingine. Mtumishi anayeweza kumtofautisha mtoto aliyelala na mtoto aliyelegea anao tayari ujuzi unaohitajika. Kilichobaki ni kuelezwa namna punda anavyoumwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, wakiwamo hata waliosoma vitabu. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kuwatazama farasi wa Ulaya. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza, hujipiga teke tumboni na kutota jasho, na asiyejua lolote atatambua kwamba anaumwa. Punda mwenye maradhi yaleyale husimama kimya. Kichwa hushuka, masikio hulegea, naye hujitenga na wenzake. Pengine atapeleka mdomo kwenye majani na kuonekana kama anakula, ilhali hakuna kinachopita kooni. Siku punda anapofikia kujigaragaza, ugonjwa kwa kawaida umekwisha kuwa mkubwa mno. Kwa hiyo unyamavu wa punda, unaosifiwa kama uvumilivu, usomwe kama degedege la mtoto linavyosomwa.

Kuacha kula nako kuna hatari yake ya pekee. Mwili wa punda usiopata chakula huyayusha mafuta yake na kuyamimina katika damu kupita uwezo wa ini. Damu hujaa mafuta, ini na figo hushindwa, na punda anaweza kufa kwa matokeo ya njaa hata kama maradhi yaliyoanza yalikuwa madogo, kwa mfano jino bovu. Jike mwenye mimba na punda mnene ndio walio hatarini zaidi. Siku moja bila kula inatosha kumtafuta daktari wa mifugo. Hata huzuni inaweza kuwa chanzo, kwani punda hufungamana na mwenziwe, na anayetenganishwa naye anaweza kususa chakula. Mgonjwa asifungwe peke yake. Mwenziwe aachwe mahali anapoweza kumwona.

Vipo pia vipimo ambavyo mtumishi wa afya anavimudu kwa macho, saa na kipimajoto. Punda mzima aliyetulia kivulini ana joto la nyuzi 37 hivi, moyo wake hupiga takriban mara 44 kwa dakika, naye huvuta pumzi kama mara 20. Mapigo yanayozidi 70 wakati amepumzika, pua zinazotanuka na tumbo linalosukuma kila pumzi, ni dharura. Ufizi ukibonyezwa kwa kidole hupauka, na wekundu wake wa kawaida hurejea ndani ya sekunde 2. Ukichelewa, au ufizi ukiwa mweupe, wa zambarau au mwekundu uliokolea, mzunguko wa damu umeharibika. Sikio likiwekwa ubavuni lisikie matumbo yakinguruma. Ukimya wa pande zote mbili ni habari mbaya.

Dalili nyingine hazihitaji maelezo marefu: punda aliyelala asiweze kuinuka, asiyekanyaga kabisa mguu mmoja, mwenye jeraha linalofika kwenye kiungo, au mwenye jicho lililofumba na kutoa machozi. Jike anayesukuma kwa nusu saa bila mtoto kutoka asingojewe, na kondo la nyuma lisilotoka ndani ya saa 3 lisivutwe kwa mkono. Kibaha, palipojaa mabanda ya kuku, iko hatari isiyofikiriwa. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa ya monensini, isiyomdhuru kuku lakini inayoharibu misuli ya moyo wa punda. Punda aliyekula chakula cha kuku ni wa dharura hata kama bado anatembea vizuri.

Pepopunda nayo isisahauliwe, maradhi ambayo kwa Kiswahili yamebeba jina la mnyama mwenyewe. Kidonda kidogo cha msumari kinatosha. Punda hukakamaa, mkia huinuka, taya hufunga, na utando wa ndani wa jicho hujitokeza anaposhtuliwa. Mkunga aliyewahi kuona kichanga mwenye pepopunda atautambua ukakamavu huo mara moja.

Wakati daktari wa mifugo anasubiriwa, mzigo ushushwe, mnyama awekwe kivulini, na maji yawe mbele yake. Asinyweshwe kwa chupa mafuta, magadi wala dawa ya kienyeji. Punda hawezi kutapika, na kinachomiminwa kwa nguvu huingia mapafuni. Asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu, vinavyoweza kumchoma tumbo na figo. Kwenye simu, neno “anaumwa” halimsaidii daktari. Aelezwe punda alikula lini mara ya mwisho, kinyesi kilitoka lini, mapigo na pumzi ni ngapi, na ufizi una rangi gani.

Inaudhi kwamba mji wa Kibaha una kiwanda cha Serikali kinachotengeneza chanjo za mifugo, zikiwamo za kideri na kimeta, huku mfugaji wa vijiji vya jirani akikosa namba ya simu ya daktari. Namba hiyo ingeweza kubandikwa katika kila ukuta wa zahanati, kando ya bango la dalili za hatari za watoto. Gharama yake ni karatasi moja. Tangu Umoja wa Afrika ulipokubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, maneno ya kumlinda mnyama huyu yamekuwa mengi. Kwa mwanamke wa Mzenga ambaye punda wake akifa atarudi kubeba ndoo kichwani, namba ya simu ingefaa zaidi.

Yapo maradhi mawili ambayo zahanati haiwezi kusema hayaihusu. Punda anayetokwa mate, asiyeweza kumeza, anayeng'ata ovyo au kulia kwa sauti iliyobadilika, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mwenyewe hudhani amekwamwa na kitu kooni, akaingiza mkono. Mkono huo uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo apelekwe siku hiyohiyo panapotolewa chanjo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Na punda aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au sehemu ya haja, asichunwe wala kupasuliwa. Afisa mifugo aitwe kwanza, na waliomgusa waandikwe majina.