Dalali wa kuuza nyumba inayoelea apimwe kwa lipi?

Mtoto ametimiza miaka minne na Septemba anatakiwa kuanza shule. Tatizo ni kwamba nyumba yao haikai mahali pamoja.

Wazazi wake, mama mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi ya kuhudumia wazee na baba fundi umeme, wanaishi kwenye boti katika mfereji wa Grand Union, eneo la Milton Keynes nchini Uingereza. Waliinunua kabla mtoto hajazaliwa, wakati kodi ya chumba na sebule ilipokuwa ikimeza mshahara mzima wa mmoja wao. Boti haina maegesho ya kudumu. Sheria ya mwaka 1995 inayohusu mifereji hiyo inataka boti ya namna hiyo iwe safarini, isikae mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14. Watu wazima wawili waliyazoea maisha hayo. Kwa mtoto wa shule, maana yake ni kupanga upya njia ya kwenda darasani kila wiki mbili.

"Baba watoto, tuuze," mama alisema baada ya majira ya baridi ya pili mtoto akiwa anakohoa usiku. "Tupange nyumba karibu na shule."

Madalali wawili walikuja wiki moja. Wa kwanza alikaa dakika kumi, akapiga picha kwa simu na kutaja pauni 60,000. Wa pili alikaa karibu saa mbili. Alifungua vifuniko vya sakafu, akagusa kuta nyuma ya kitanda cha mtoto, akaomba makaratasi yote, kisha akasema pauni 52,000, labda pungufu.

Usiku ule baba alikuwa upande wa dalali wa kwanza. "Huyu ametuongezea elfu nane."

"Hajatuongezea kitu, baba watoto. Hajatoa hata senti. Ametaja tu," mama alijibu. Alikumbuka kiwanja cha marehemu baba yake kule Tanga, ambacho dalali alikitajia bei ya kufurahisha, kikakaa bila mteja hadi familia ilipochoka na kukitoa kwa bei ya kutupa.

Jibu hilo la mama ndilo wazazi wengi hulisahau wanapouza mali kubwa pekee waliyonayo, iwe boti, gari au nyumba. Bei anayotaja dalali si fedha.

Boti zenyewe zikoje

Boti nyembamba za Uingereza zina upana wa futi 6 na inchi 10 hivi, kama mita 2.1. Upana huo ulitokana na malango ya maji ya mifereji mingi ya katikati ya nchi, yenye upana wa futi 7. Urefu wake unaweza kufika futi 70 au zaidi kidogo. Ya familia hii ina futi 57.

Watoto kuishi humo si jambo jipya. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester, ulifungua zama za mifereji ya viwanda. Baadaye familia za wachukuzi zililala katika kijumba kidogo cha nyuma ya boti, baba, mama na watoto pamoja. Msongamano na maradhi vilifanya Bunge la Uingereza litunge sheria mwaka 1877 ya kusajili boti za kuishi na kuweka kikomo cha watu wa kulala ndani. Afya ya mtoto na boti ya mfereji ni mambo yaliyofungamana tangu zamani.

Leo mifereji mingi ya England na Wales inasimamiwa na Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012. Inatoa leseni za boti, lakini leseni hiyo si hati ya umiliki. Boti za mifereji hazina daftari la lazima la wamiliki kama ardhi au nyumba. Ndiyo maana hati ya mauziano, stakabadhi za zamani na jina lililo kwenye makaratasi vina uzito mkubwa. Dalali asiyeuliza makaratasi siku ya kwanza atayauliza mteja akiwa amefika, na hapo ndipo biashara huvunjika.

Yeyote anaweza kujiita dalali

Wengi hudhani dalali wa boti Uingereza ana leseni ya serikali. Hana, kwa kuwa haihitajiki. Sheria ya mwaka 1979 inayowabana mawakala wa nyumba inahusu ardhi na majengo. Boti haimo. Mtu anaweza kufungua ofisi leo na kesho akapokea boti za watu.

Wapo madalali waliojiunga na vyama vya hiari, kama British Marine au ABYA, chama cha madalali wa boti. Vyama hivyo vina kanuni za maadili. Uanachama ni dalili njema, ila hauondoi haja ya kuuliza maswali. Familia hii iliuliza manne.

La kwanza: fedha za mnunuzi zitakaa wapi? Kwa kawaida mnunuzi hutoa arbuni ya asilimia 10, kisha boti hukaguliwa, ndipo salio hulipwa. Fedha hizo zote zinaweza kupitia mikononi mwa dalali. Dalali makini huziweka kwenye akaunti maalumu ya wateja, mbali na akaunti anayolipia mishahara na umeme wa ofisi. Akifilisika, fedha za wateja zilizotengwa vizuri haziingii kwenye madeni yake. Zilizochanganywa zinaweza kupotea, na familia ikajikuta haina boti wala fedha. Dalali wa kwanza alijibu, "Msiwe na wasiwasi, tunafanya kazi hii miaka mingi." Wa pili aliwaonyesha mkataba wenye kifungu cha akaunti hiyo na siku ambazo mwenye boti atalipwa baada ya mauzo kukamilika.

La pili: ada ni kiasi gani, na ndani yake kuna nini? Ada za madalali wa boti mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya bei ya mauzo, na wengi huweka kiwango cha chini. Neno la kuangalia ni VAT. Asilimia 6 ya pauni 50,000 ni pauni 3,000. Kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni pauni 600. Jumla ni 3,600. Anayesema "asilimia 6" bila kutaja kodi ameficha mia sita, ambazo ni sare za shule, koti la baridi na chenji ikabaki.

La tatu: mkataba unafungwa kwa muda gani? Dalali wa kwanza alitaka miezi 12 akiwa muuzaji pekee. Kwa masharti aliyoyaleta, hata wenye boti wangemuuzia rafiki yao, ada yake ingelipwa. Wa pili alitaka miezi mitatu, kisha kila upande uwe huru kwa taarifa ya wiki mbili.

La nne liliulizwa na mama: wakati boti iko sokoni, mtoto atalala wapi? Madalali wengi huuza boti zikiwa kwenye maegesho yao, wateja wakija kuziangalia. Baadhi hawatoi nafasi ya kuishi ndani, kwa sababu boti tupu na safi huuzika haraka. Wengine hutoza maegesho kila mwezi, wengine huyaingiza kwenye ada. Wapo pia wanaouza boti ikiwa pale pale mwenyewe anapoishi. Familia isiyouliza hili inaweza kujikuta inalipia boti isiyolala na chumba cha kupanga kwa wakati mmoja.

Bei kubwa ina gharama

Dalali anayetaja bei ya juu mara nyingi anatafuta sahihi kwenye mkataba. Boti ikishaingia kwake, atapiga simu baada ya wiki sita: "Soko limelala, tupunguze kidogo." Kisha tena. Wakati huo leseni inaendelea kulipiwa, bima pia, na maegesho kama yapo. Wanunuzi nao wanaona. Tangazo likikaa muda mrefu huku bei ikishuka, mtu huanza kujiuliza boti ina ugonjwa gani.

Njia ya kumpima ni kumwomba aonyeshe boti tatu zinazofanana na hii kwa urefu, umri na aina, alizouza karibuni, na bei zilizolipwa kweli. Bei za matangazo hazitoshi. Dalali wa kwanza alionyesha matangazo. Wa pili alionyesha mauzo, majina ya wateja yakiwa yamefutwa.

Lipo pia suala la chuma. Boti nyingi za chuma hutengenezwa kwa bamba la milimita 10 chini, 6 pembeni na 4 kwenye kijumba. Kutu hula polepole, ndiyo maana sehemu inayozama hupakwa lami kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mnunuzi mwenye busara hulipa mkaguzi huru, boti ikatolewa majini, unene ukapimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Chuma kikishuka chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima husita. Kwa hiyo bei ya kweli hujulikana boti ikiwa nchi kavu. Dalali mkweli humwandaa mwenye boti kwa siku hiyo mapema.

Afya ya watoto wa mnunuzi

Dalali wa pili alipogusa ukuta nyuma ya kitanda cha mtoto alikuta unyevunyevu na madoa meusi ya kuvu. Baba alitaka kupaka rangi juu yake. Dalali alikataa. "Kaushe kwanza, mtafute maji yanapoingilia. Anayekuja kununua anaweza kuwa na mtoto kama wenu."

Alikuwa sahihi kibiashara na kiafya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linahusisha unyevu na kuvu ndani ya nyumba na matatizo ya kupumua, ikiwamo pumu. Kwenye boti, pumzi za watu, kupika na nguo zinazoanikwa ndani hutoa mvuke mwingi katika nafasi ndogo. Fundi aligundua fremu ya dirisha iliyokuwa ikivuja. Ilirekebishwa, ukuta ukakauka, na mama alipata jibu la sehemu ya kikohozi alichokuwa akikilaumu baridi.

Jambo jingine ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye jiko la kuni au makaa ya mawe lenye bomba bovu, na kwenye vifaa vya gesi visivyoungua vizuri. Inaweza kuua familia iliyolala. Tangu Aprili 2019, mpango wa usalama wa boti, Boat Safety Scheme, unataka boti zenye sehemu ya kulala ziwe na king'ora cha gesi hiyo. Cheti chake hudumu miaka minne, na bila cheti halali leseni haipatikani. Cha familia hii kilibakiza miezi mitano. Dalali aliwashauri wakifanye upya kabla ya kutangaza, ili mnunuzi asikitumie kushusha bei.

Ilivyokwisha

Waliweka sahihi kwa dalali wa pili. Baba hakufurahi sana siku ile, na kwa wiki tatu za kwanza hakuna aliyekuja isipokuwa watu wawili waliotaka kuona tu boti ilivyo ndani.

Wiki ya saba wakaja wazee wawili waliostaafu, wakakubali pauni 51,000 kwa masharti ya ukaguzi, wakaweka arbuni ya 5,100. Mkaguzi alikuta sehemu moja ya nyuma imeliwa kuliko kwingine. Yalikuwa mazungumzo magumu ya siku mbili. Dalali hakumlazimisha yeyote. Alileta makadirio ya fundi wa kuchomelea, na bei ikatua 49,500. Baada ya ada ya asilimia 6 na kodi yake, jumla pauni 3,564, mkononi zilibaki 45,936. Ziliingia benki siku iliyoandikwa kwenye mkataba.

Hazikuwa 60,000. Lakini hizo hazikuwahi kuwapo.

Wazazi waliiarifu Canal & River Trust kwamba boti imebadilisha mmiliki, kwa kuwa leseni haihami na boti. Mnunuzi huomba yake. Mama alikunja hati ya mauziano, nakala moja kwao na moja kwa wazee wale. Baba aliwafundisha namna ya kuwasha jiko na mahali pa kubonyeza kujaribu king'ora.

Mtoto aliuliza boti inakwenda wapi. Mama akamwambia inakwenda kukaa na babu na bibi wengine, na yeye anakwenda shule. Nyumba mpya ni dakika tisa kwa miguu.