Usiseme Mtambo Umekataa

Katika mji wetu wa Kangari, juu huku Kigumo, na bila shaka katika miji mingine ya Kenya, limezuka neno ambalo mimi nalichukia kuliko matusi. Neno lenyewe ni "mtambo umekataa". Utalisikia dukani, zahanatini, katika benki na katika afisi za serikali. Alisemaye hulisema kwa upole, kama mtu atoaye habari ya mvua au ya radi. Na aambiwaye huinamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake. Shukrani hiyo ndiyo iniudhiyo.

Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Mtoto hukataa uji, mbuzi hukataa kamba. Chombo cha bati na nyaya hakina hiari hata chembe. Hufanya kilivyoagizwa, na kisipoagizwa hakifanyi. Basi tusemapo kwamba mtambo umekataa tumesema uwongo mdogo, na nyuma ya uwongo huo mdogo huweza kujificha mtu mkubwa.

Sisemi juu ya vituko vidogo. Simu yangu hukisahihisha Kiswahili changu mpaka kikawa Kiingereza. Nikiandika "nina" huniwekea herufi kubwa, ikidhani nimemtaja msichana. Hayo ni ya kusimuliana jioni watu wakacheka. Jambo nilinenalo halichekeshi.

Mwaka jana nilisimama katika foleni ya afisi moja nisiyotaka kuitaja. Mbele yangu alikuwa mwanamke mzee ambaye maisha yake yote amechuma chai. Msomaji wa mahali pengine yamkini hajui kazi hiyo huvifanyaje vidole. Majani mawili na chipukizi lake hukatwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara elfu nyingi kwa siku, katika umande na baridi. Utomvu huvitia weusi usiotoka kwa sabuni, na michirizi ya ngozi hulika kama lilikavyo jembe. Karani akamwambia aweke kidole juu ya kioo. Akaweka, taa ikawa nyekundu. Akakifuta kwa leso, akaweka kingine, nyekundu. Vikaisha vyote kumi. "Cucu, mtambo umekataa. Jaribu wiki ijayo." Kana kwamba katika wiki moja vidole vya mzee vingeota upya! Na kitambulisho chake, chenye picha yake, kilikuwa pale pale mezani. Na karani mwenyewe alikuwa amekwisha kumwuliza habari za ng'ombe wake.

Natuutazame mtambo huo. Hausomi kidole kama sisi tusomavyo uso. Huipiga picha michirizi, hutafuta mahali mchirizi unapokoma na mahali unapogawanyika, kisha hulinganisha alama hizo na zile zilizowekwa akibani siku ya kuandikishwa, ukatoa hesabu ya kufanana. Hesabu ikifika kiwango fulani, taa huwa ya kijani; isipofika, nyekundu. Na nani aliyekiweka kiwango hicho? Mtu. Akikiweka juu, wadanganyifu wachache watapita, walakini wenyeji halali wengi watafungiwa mlango. Akikiweka chini, mambo hugeuka. Hakuna kiwango kiepukacho makosa yote mawili, na mafundi wa vyombo hivi wanalijua hilo vyema. Kwa hiyo mkubwa awekaye mlango mmoja tu, pasipo mlango wa pili, amekwisha kuamua kwamba wako watakaobaki nje. Nao aghalabu ni watu wa chai, wa jembe, wa saruji, na wazee.

Nchi hii imelipa ada ya somo hili. Tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu, vyombo vya kuwatambua wapiga kura vilishindwa katika vituo vingi, ikabidi watu watambuliwe kwa daftari la karatasi. Mwaka 2017 Bunge liliongeza katika Sheria ya Uchaguzi kifungu cha 44A, kiitakacho Tume iweke njia ya kusaidiana na mitambo. Kifungu hicho kilipingwa kwa ukali na watu walioogopa wizi wa kura, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Lakini ikiwa kura imefunguliwa mlango wa pili, kwa nini dawa ya mzee isifunguliwe?

Tena alama ya kidole si ngeni kwetu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande chenye alama za vidole vyao, wakakitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Harry Thuku alipowakusanya watu mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Angalieni walivyolalamika. Hawakusema kwamba kikopo kimewatesa. Waliitaja serikali, wakawataja walowezi, kwa sababu walijua ni nani aliyekifua kikopo na kwa faida ya nani.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema karani hana mamlaka. Akimpitisha mtu leo kwa kumjua sura, kesho atampitisha nduguye, na fedha za umma zitaliwa. Silidharau jibu hili, maana wizi upo. Lakini si lazima karani awe peke yake. Mkuu wake na aje, atazame picha na uso, na atie saini yake pamoja na tarehe katika daftari. Mwizi huogopa daftari lenye jina lake. Taa nyekundu haina jina, na ndiyo sababu inapendwa na wakubwa wengi.

Ninyi wanafunzi ndio mnaotumwa kuwasindikiza mababu na mabibi zenu katika afisi hizo, kwa kuwa inasadikiwa mnavijua vyombo. Mkiambiwa kwamba mtambo umekataa, msiondoke. Ulizeni kwa adabu ni nani aliyeagiza kwamba kidole kikishindwa mtu arudishwe, na njia ya pili ni ipi. Mkiambiwa haipo, ombeni jibu hilo kwa maandishi, na aliyelitoa aandike jina lake chini.