Watu wa Uru, Tuzibue Mitaro Kabla ya Masika

Mvua ya juzi haikuwa masika. Ilikuwa mvua ya kupita tu, ya usiku mmoja, na bado ilitosha. Alfajiri, kirikuu kilichokuwa kikiteremsha ndizi kwenda Mbuyuni kiliteleza kwenye udongo mwekundu, kikaserereka na kulala ubavu kwenye korongo ambalo zamani lilikuwa ukingo wa barabara. Hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Lakini mikungu ya mshare ilitapakaa kwenye tope, na nikawakuta akina mama wakiinyanyua mmoja mmoja, wakiimwagia maji ya ndoo, wakiigeuza kutazama vidole vilivyochubuka. Ndizi mbichi ikichubuka hutoa utomvu, na jua likipanda kidogo ganda limeshapiga weusi. Mnunuzi anayepakia mzigo wa Dar es Salaam haulizi yaliyokupata njiani. Anatazama ule weusi, anataja bei ya kutupa, na mama anapokea, kwa sababu nauli ya kuurudisha mkungu mlimani inaushinda mkungu wenyewe.

Sababu mnazijua. Mlima ni mkali, barabara ni ya udongo, mvua ya huku juu si ya kubembeleza, na greda likija kuchonga barabara linasukumia kifusi kwenye mtaro uleule unaotakiwa kubeba maji. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamekabidhiwa barabara hizi tangu 2017 na wana mengi ya kujibu. Diwani ana yake, mbunge ana yake. Siku yao ipo.

Leo nasema na sisi.

Nilipotoka pale kwenye kirikuu nilipanda kwa miguu kufuata maji yalikotokea. Msinifanye niwataje watu majina, wenyewe mnajijua. Kwanza nilikuta fremu mbili mpya, zina milango ya chuma iliyopakwa rangi ya bluu, na mbele yake mtaro umejazwa kifusi na kusakafiwa ili wateja wapate pa kukanyagia. Maji yakifika hapo yanapanda barabarani, yataenda wapi? Juu kidogo kuna karavati lililozibwa na chupa za plastiki, mifuko ya saruji na pampasi. Ndiyo, pampasi. Halafu nikafika kwenye michepuo, ile mifereji midogo inayochepusha maji ya barabara na kuyaingiza vihambani ili yasikusanye nguvu. Karibu yote imezibwa kwa makusudi. Mmoja umewekwa gogo la mgomba na mawe, kazi nadhifu kabisa, udongo umeshindiliwa kwa mguu. Mwenye kihamba hataki maji kwake. Kayasukuma kwa jirani wa chini, naye jirani kaziba wake, na wa chini yake vilevile, mpaka yakafika kwenye kona yakiwa mto.

Hii ndiyo aibu yetu, na ni aibu kubwa kuliko ya serikali. Watu wa mlima huu walijulikana kwa maji. Wazungu wa kwanza waliofika huku karne ya 19 walikuta mifongo, ile mifereji ya maji ya mababu, imepita kwenye majabali na kuzunguka vilima, imechimbwa na watu wasiokuwa na pima wala ramani, nao wakastaajabu. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe na msimamizi wake, meni mfongo. Yeye ndiye aliyepanga zamu, na yeye ndiye aliyeita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha. Asiyetokea alitozwa faini, au alinyimwa maji mpaka ashike adabu. Mababu waligombana, tena sana, lakini waligombania kuyaingiza maji kihambani. Sisi wajukuu tunagombania kuyatoa. Kazi ileile ya jembe, gogo lilelile la mgomba, tumeigeuza kuwa silaha ya kumwangusha jirani.

Na msiseme hizo ni hasara za akina mama wauza ndizi tu. Uru tunaishi kwa kuteremka Moshi. Kahawa iliyojenga nyumba za wazee wetu na kukizaa chama chetu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 wengi tumeing'oa au tumeiacha ikazeeka. Kinacholipa ada sasa ni ndizi, maziwa, parachichi, mboga, na kibarua cha mjini cha kwenda asubuhi na kurudi jioni. Vyote hivyo vinapita kwenye udongo huohuo. Maziwa yakichelewa mnunuzi anayakataa. Mwalimu anashuka na viatu mkononi. Bodaboda anakutoza nauli ya mara mbili, na ana haki, maana pikipiki ni yake na shingo ni yake. Watalii wanaopanda kwenda kuona maporomoko ya Materuni wanapita humu wakishikilia viti. Na mzazi mwenye uchungu wa usiku? Wenye nyumba za juu kabisa wanajua namna ya kumbeba mtu kwenye machela ya miti mpaka gari lilipokwamia. Mwaka wa ngapi huu?

Udongo tunaoupoteza nao hauishii hapa. Unashuka na mto Rau, unapita mjini, unaenda kujaa kwenye mifereji ya wakulima wa mpunga huko chini, kwenye skimu iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980. Wao wanalia na tope, sisi tunalia na makorongo.

Nageukia walioko Dar, Arusha, Dodoma na ng'ambo. Ndugu zangu, Desemba mnakuja. Tunawapenda, na mbuzi tunachinja. Lakini mnapandisha magari yenu wakati wa kiangazi, barabara imekauka, mnatusifu kwa hali ya hewa, na Januari mmeondoka. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa simu ndani ya wiki chache. Kipaimara cha mtoto mmoja kinaweza kulipia bomba la zege la karavati na chenji ikabaki. Sikatazi sherehe, hata mimi nakula. Naomba kila ukoo wenye watu mjini utoe karavati moja mwaka huu. Moja tu. Liwekwe kwa usimamizi wa fundi na mhandisi wa wilaya, lisiwe la kubahatisha likaondoka na mvua ya kwanza.

Kwa tulioko nyumbani hakuna cha kuchangisha, kuna cha kuchimba. Masika yanaanza Machi. Kabla hayajaanza, kila kitongoji kiitishe msaragambo Jumamosi mbili mfululizo. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki zinakutana kila wiki na zinajuana nyumba kwa nyumba, basi kila jumuiya ipewe kipande chake cha mtaro, kuanzia karavati hadi karavati, na jirani wa Kilutheri au Mwislamu aitwe hapohapo, maji hayaulizi dini. Mje na sururu, chepeo na panga. Kifusi kisirudishwe ukingoni, kibebwe kwa toroli kikajaze mashimo. Michepuo yote ifunguliwe. Mwenye kihamba kinachopokea maji asaidiwe kuchimba shimo la kuyatuliza na kupanda matete kandokando, asionekane yeye peke yake ndiye wa kuumia. Vijana wa bodaboda kijiweni, hii barabara inakula matairi yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nataka kuwaona mbele.

Kisha twende kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na sisi tunautumia uwezo huo kujadili michango tu. Tutunge moja fupi: anayeziba mtaro au mchepuo anauzibua kwa gharama yake na kulipa faini, na asiyefika msaragambo bila sababu analipa. Ipelekwe halmashauri ikapitishwe. Viongozi wasimamie bila kuangalia ni shemeji ya nani. Hapo ndipo huwa tunakwama, na sina dawa ya hilo zaidi ya kuwaomba mzomee waziwazi, mkutanoni, mbele ya watu, kila mtakapoona shemeji ameachwa.

Wenye fremu, ninyi ni watu wangu, na duka ni riziki. Hakuna anayewataka mfunge. Wekeni bomba chini ya kibaraza, au mifuniko ya zege inayoinulika, ili mtaro usafishike. Anzeni kuvunja sakafu zenu Ijumaa kabla ya msaragambo. Tutakaowakuta hawajavunja, tutakaa nao kibarazani na mwenyekiti wa kitongoji mpaka nyundo iletwe.