NYUMBA KWANZA, MGENI BAADAYE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Nilikuwa nimeandaa shairi la kusifu chama chetu, lakini nimeliweka kando. Yaliyotokea katika maabara yetu mwaka huu yamenikaa rohoni, nami nimeona heri niyaseme. Wapo watakaonuna. Msema kweli, walisema wahenga, hukimbiwa na rafikize. Mimi nao wameshaanza kunikimbia.

Mtakumbuka kwamba muhula wa kwanza ulipokuwa ukiyoyoma, Chama cha Kiswahili kilizuru Mombasa kwa gari moshi la SGR. Tuliiona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Tulisikia Kiswahili cha wenyewe, tukaona haya kwa chetu. Jioni tukashuka ufuoni. Jua lilipotua, mchanga ukaanza kutembea! Kumbe ni kaa wadogo, si wakubwa kuliko ndimu, kila mmoja amejitia ndani ya ganda la kome. Ukimgusa hujivuta ndani na kuufunga mlango kwa gando lake. Sisi watu wa bara tulicheka mpaka machozi. Watatu kati yetu, nami nikiwa mmojawapo, tukaokota saba, tukawatia katika kopo la plastiki tulilobebea chapati, tukarudi nao Thika. Hatukumwomba mtu ruhusa, wala hatukuuliza.

Tuliwapa jina la "wapangaji". Kaa huyu hajijengei nyumba. Huingia katika ganda lililoachwa na kome aliyekufa, na akikua likambana, hutafuta lingine kubwa zaidi akahama, kama jirani zetu wa Ruiru wanavyohama ploti mtoto wa tatu anapozaliwa. Sasa sikilizeni jinsi sisi tulivyowapangisha.

Usiku ule tuliwaweka ndani ya karai, tukajaza maji ya mfereji hadi katikati. Si kaa ni wa majini? Asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Mwalimu wetu wa Bayolojia alipofika hakutuchapa wala hakutugombeza. Alituuliza tu, "Mlipowaona, walikuwa majini au mchangani?" Tukanyamaza. Kaa wa aina hii ni wa nchi kavu. Ana matamvua kama samaki, lakini matamvua hayo huvuta hewa yenye unyevu. Ukimzamisha asiweze kupanda, atakufa maji. Ukimwacha pakavu, atakosa pumzi polepole kwa siku nyingi, na wewe utadhani amelala tu. Wa tatu alikufa hivyo wiki mbili baadaye, kwani tuliposikia kwamba maji yanaua, tuliwaweka katika boksi kavu! Tulitoka upande mmoja wa ujinga tukahamia upande wa pili.

Ndipo tukachanga pesa za kununua tangi la kioo. Jipya lilitushinda bei, basi tukapata la mtumba huko Ruiru kwa bwana mmoja aliyeacha kufuga samaki wa mapambo. Shilingi 1,800, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Tulilibeba kwa matatu, na kondakta akashikilia kwamba tangi lilipie kiti kama abiria. Likalipa.

Hapa ndipo penye hoja yangu, wasomaji. Sisi tuliona kioo, tukaona nyumba. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kitu cha mtumba kina historia yake, na anayekinunua bila kuuliza hununua na historia hiyo. Tulikuwa tayari tumeshika sabuni ya unga tulisugue, mwalimu akatuzuia. Sabuni hubaki katika pembe za tangi. Kwa kazi hii husuguliwa kwa siki na maji ya moto, likasuuzwa tena na tena. Kisha akauliza, "Mwenyewe aliwahi kutia dawa gani humu?" Hakuna aliyejua. Tukampigia simu yule bwana. Naye, mtu mwungwana, akasema samaki wake waliwahi kuugua akawatibu kwa dawa yenye madini ya shaba. Samaki wanaweza kuistahimili shaba kidogo. Kaa, kamba na jamaa zao ni sumu kwao. Kioo chenyewe hakiinyonyi, lakini ile gundi ya silikoni kwenye maungio huenda ikaihifadhi. Simu moja tu, jamani! Bila simu hiyo huenda tungewatia wale wanne waliobaki katika nyumba yenye sumu ukutani.

Fundi wa vioo hapa Thika aliikata gundi yote ya zamani, akapaka mpya isiyo na dawa ya kuua ukungu. Tukaiacha ikauke kabisa. Kisha tukalijaza tangi maji kutwa kucha kuona kama linavuja. Tulipolimwaga ndipo tulipoanza kazi ya ndani.

Watu hudhani mchanga ni pambo. La hasha. Kaa hawezi kukua bila kujivua gamba, na wa aina hii hujizika ardhini ili ajivue kwa usalama. Kwa hivyo mchanga sharti uwe na kina mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote, nasi tuliweka sentimita 15. Tulichanganya mchanga safi na nyuzi za makumbi ya nazi, tukaulowesha kiasi kwamba ukiufinyanga unasimama bila kuchuruzika. Piga hesabu: sentimita 60 kwa 30 kwa 15 ni lita 27. Mchanga wenye maji ni mzito, na tangi letu lilikaribia kilo 50. Meza ya kwanza ililia kwa sauti, tukaihamishia kwenye saruji.

Mpangaji anahitaji mabakuli mawili ya maji: moja ya maji baridi na moja ya maji ya chumvi, yote yakiwa na mawe ya kupandia. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo tunayaacha usiku kucha katika ndoo isiyofunikwa. Chumvi ya mezani haifai. Tulinunua ile ya matangi ya baharini, gramu 35 kwa kila lita. Chakula si shida. Anapenda omena, nazi, mboga na maganda ya mayai yaliyosagwa. Hata bweni letu halili vizuri hivyo.

Shida kubwa ni baridi. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mnajua Julai yetu ilivyo. Kaa hawa wamezoea joto la Pwani, nyuzi 24 hadi 28, na hewa yenye unyevu mwingi. Tulifunika tangi kwa kioo, tukabandika mkeka wa stima wa kupasha joto ukutani kwa nje. Stima ikipotea, mhudumu wa maabara huzungushia tangi chupa za maji ya moto na magunia. Mzee huyo ameamka usiku mara nyingi kuliko sisi wenye kaa.

Maganda nayo yalileta kisa. Mpangaji asipopata nyumba ya kuhamia, humpokonya mwenzake, na vita hivyo huua. Tulipotangaza kwamba tunahitaji maganda matupu, ilibainika kuwa wanachama wengi waliyaokota Mombasa, wakayaficha katika masanduku yao kama kumbukumbu. Yalirudi kumi na moja, tukayachemsha, tukayapanga mchangani. Asubuhi ya tatu tulimkuta mpangaji mmoja amehamia ganda la dada mmoja wa Kidato cha Pili. Dada yule aliangua kilio. Alisema hakujua kwamba kile alichokiita pambo kilikuwa nyumba ya mtu. Nami sijalisahau neno hilo. Huko ufuoni kila ganda tulilotia mfukoni ni chumba kimoja kilichopungua. Sehemu nyingine za dunia kaa hawa wameonekana wakiishi katika vizibo vya chupa za plastiki. Si kwa kupenda.

Mngedhani mambo yalitengenea. Mwezi wa Julai mmoja wao alijizika. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akafukua ili aone kama amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa amejivua gamba, laini kama utumbo, hana cha kujikinga. Siku mbili baadaye alikufa kweli. Wengi walimlaumu yule mwanafunzi. Mimi nasema lawama ni yetu sote, kwani tulijua kwamba kaa hujizika kwa wiki kadhaa, na hatukubandika hata kijikaratasi cha kusema "Usichimbe". Kaa aliyekufa hunuka vibaya, asiyenuka aachwe. Elimu iliyofungiwa kichwani mwa watu watatu haikumwokoa.

Wamebaki watatu. Kuwahusu hao, nimesikia maoni manne, nami nitayajibu.

Wa kwanza husema, "Ni kaa tu, si kwani kaa hawaliwi?" Ndiyo, wapo kaa wanaoliwa. Hata kuku huliwa, lakini hakuna mama anayemfungia kuku ndani ya ndoo ya maji ili watoto wacheke. Ukimla mnyama una haja naye. Sisi tulikuwa na haja gani?

Wa pili husema tuwatupe Mto Chania wajitafutie. Huko ni kuwaua huku tukijiita wenye huruma. Mto ule ni baridi, hauna chumvi, na kaa wenyewe si wa majini. Kumtupa hapo ni karai lile lile, ila refu zaidi.

Wa tatu husema, "Tangi sasa ni zuri, tulete wengine wazaane." Hawatazaana humo. Jike hupeleka mayai yake baharini, na watoto wachanga huelea katika maji ya bahari kabla ya kuja nchi kavu. Hata huko Marekani, ambako kaa hawa huuzwa madukani wakiwa katika maganda yaliyopakwa rangi, karibu wote wametolewa porini. Mnyama huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30 akitunzwa vyema. Wengi wa wale wa madukani hufa kabla ya miezi mingi kupita. Kila aliye ndani ya kioo ana ufuo alikotolewa.

Wa nne, nao ndio wengi, husema tunyamaze. Wanaogopa kwamba tukisema, safari ya mwakani itafutwa. Hofu hiyo naielewa, kwani nami naipenda safari. Lakini tujue tulichofanya. Katika hifadhi za baharini, kama ile ya Mombasa iliyotangazwa mwaka wa 1986, ni marufuku kuokota kiumbe au ganda. Na hata nje ya hifadhi, mnyama wa porini hafugwi kwa kujiamulia tu. Sisi hatukujua hata mpaka wa hifadhi uko wapi. Kutojua kwetu hakukuwasaidia wale waliokufa.

Kwa hivyo natoa mapendekezo yangu waziwazi. Mosi, chama kiandike barua kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kieleze kila kitu na kuomba ushauri kuhusu hawa watatu, ikiwa watarudishwa Pwani au watabaki hapa. Tusiwarudishe kwa siri wala kwa kubahatisha, kwani mnyama aliyefungiwa anaweza kubeba ugonjwa na kuwapelekea wenzake. Jina langu liwe la kwanza chini ya barua hiyo. Pili, mpaka jibu lije, pawe na zamu iliyoandikwa, pamoja na likizo. Deni halina likizo. Tatu, safari ijayo turudi na picha na hadithi, mifuko ikiwa mitupu, hata ganda moja lisije. Nne, chama chochote cha shule hii kinachotaka kufuga mnyama wa tangi, awe samaki au nani, kwanza kiliendeshe tangi tupu kwa mwezi mzima, joto na unyevu vikipimwa kila siku na kuandikwa. Mkishindwa kulitunza tangi ambalo halina mtu, mtamtunzaje aliye ndani?

Mtaniuliza, basi kwa nini nisiseme tangi livunjwe? Kwa sababu halina kosa. Lile kioo la shilingi 1,800 limetufundisha mengi ambayo hatukuyapata vitabuni. Kosa letu lilikuwa la mpangilio: tulileta mgeni, ndipo tukaanza kutafuta nyumba, na kila siku ya kutafuta ililipwa na yeye.

Jana usiku, wakati wa masomo ya jioni, nilipita maabarani. Wawili walikuwa wakila omena. Wa tatu haonekani. Amejizika tangu Jumapili. Safari hii kijikaratasi kipo, nimekiandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Enyi wanachama, jamani, msichimbe.