NYUMBA YENYE MTOTO NAYO IPENDEZE (Sehemu ya 4)

Leo ni mapambo ya sebuleni. Najua mtauliza nesi na mapambo wapi na wapi. Someni mpaka mwisho.

1.
Kuna usemi huku mtaani kwamba ukishazaa, usahau urembo mpaka mtoto aanze shule. Mimi sikubali. Mama anayeshinda ndani na kichanga anahitaji kitu kizuri cha kutazama. Kuta tupu na ndoo za nguo zinachosha roho. Ninachopinga ni urembo unaowekwa chini ya kiuno cha mtu mzima. Hapo ndipo mtoto wa miezi 8 hadi miaka 3 anapoishi.

2.
Angalia sebule nyingi tunazoiga kwenye simu: stuli ya kioo katikati, juu yake kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia, vase, mshumaa, bakuli la mawe ya kung'aa. Mgeni akija, chupa ya chai inakaa hapohapo. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho karibu. Akishika pindo la kitambaa, chai yote inamwagikia usoni na kifuani. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu, inaungua haraka na kwa kina.

Kwa hiyo kitambaa cha meza kitoke. Kidarizi cha bibi unakipenda? Kitie kwenye fremu, kipande ukutani.

3.
Ukuta ndio rafiki yako. Na sanaa tunayo hapahapa. Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama na ndege jijini Dar kwa rangi kali zinazong'aa, kwenye vipande vya mbao vya bei nafuu. Alifariki 1972 na mtindo ukabaki na jina lake. Picha kama hizo watoto wanazipenda: chui, kanga, samaki. Ukimbeba mwanao ukamwonyesha "huyu nani?", tayari mnafundishana maneno.

Kama mfuko hauruhusu, khanga moja tu inatosha. Ina pindo, ina mji, ina jina. Inyooshe, itundike. Hata kichanga anafaidi: mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, na hupenda mistari mikubwa ya giza na mwanga. Mbebe, msogeze karibu na khanga ya nyeusi na nyeupe, utamwona anavyokodoa macho.

Ila fremu nzito mwachie fundi atoboe ukuta aweke skrubu, msumari wa kupachika haraka haufai. Usitundike kitu kizito juu ya kitanda cha mtoto. Na wapangaji wenzangu ambao mwenye nyumba hataki matundu, khanga na ungo ni vyepesi, msumari mdogo unatosha.

4.
Wanaopenda kupanga vitu tabaka kwa tabaka, zulia, mkeka juu yake, mito, vikapu: nawaunga mkono. Kikapu cha Iringa kikiwekwa kona kinapendeza na kinameza midoli yote. Mkeka kwenye vigae unateleza, uweke juu ya zulia au uubane kwa kochi. Mito ibaki kwenye makochi. Kitanda cha mtoto chini ya mwaka 1 hakitaki mto, mdoli wala blanketi zito. Shuka iliyonyooshwa vizuri na neti vinatosha, hata kama picha haitavutia.

5.
Vitaa vya urembo na mishumaa ya betri ndivyo vinavyoniogopesha zaidi. Ndani ya vingi kuna betri bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Usisubiri itoke na choo, usimtapishe, kimbia hospitali. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, usikinunue.

Shanga, mawe ya vase na sumaku navyo vipande juu. Kipimo rahisi: kinachopita kwenye boksi la ndani la toilet pepa kinaweza kumkaba mtoto.

6.
Kuna watakaosema, "sisi tulikua na stuli za vioo na hatukufa." Ni kweli, sisi tuliopo hapa hatukufa. Wengine watasema mama amwangalie mtoto. Anamwangalia, lakini pia anapika, anafua, na usiku hajalala. Kumtegemea mama asipepese macho siku nzima ni kumwonea. Kuhamisha kitambaa ni dakika 1.

Ikitokea ameungua: toa nguo yenye moto, mwagia maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, mfunike sehemu nyingine asipate baridi, nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, ute wa yai, unga wala asali.

Leo jioni piga magoti sebuleni kwako, tambaa kama mwanao, uone unafikia nini. Kila unachofikia, kipande ukutani au kiende kabatini. Niandikieni mmehamisha nini.

Sehemu ya 5 ni jikoni. Mlee salama.